Bili ya gesi paundi 431 kwa mwezi, nyumba ya vyumba viwili: kisa cha familia moja Leicester, Uingereza

Desemba 2023 bili ya gesi ya hii familia ilikuja paundi 431, na hapo ni gesi peke yake, umeme haumo. Nyumba yenyewe ni zile za zamani za matofali zilizoungana mtaa mzima, vyumba viwili juu, sebule na jiko chini, iko Leicester, na ndani wanaishi watu watano: dada ambaye ni nesi, mume wake, watoto wawili, na mama mzazi wa mume aliyekuja kuwatembelea mwezi wa 11 kutoka Korogwe. Kipindi kile gesi ilikuwa karibu peni 7 kwa kilowati-saa moja, kwa hiyo mtu aliyezoea bili za huku angeshtuka hapohapo, ila kama ndo umeingia nchi hii na maisha yako yote hujawahi kulipia joto utajuaje? Wao waliona bili imepanda, wakaona mama kaja, wakaona hita inawaka kutwa, wakaunganisha.

Mama hakugombezwa, hilo niliseme mapema maana ni watu wenye adabu sana. Lakini nyumba ya vyumba viwili haina siri. Shemeji akaanza kuzima hita saa tatu asubuhi akitoka kazini, mama anabaki na mtoto mdogo, kajifunga kanga juu ya koti na blanketi juu ya kanga, na akiulizwa anasema hasikii baridi. Siku moja akamwambia mwanae, "Baba, mimi nikatieni tiketi nirudi, nisije nikawatia madeni ugenini." Dada ndo aliponipigia sasa. Mimi huwa nawasaidia watu wetu hapa mjini kusoma bili na barua za nyumba, na nimeandika kisa hiki kirefu hivi kwa sababu ushauri wa gesi karibu wote unaanza na "vaa sweta, punguza hita", na hii familia ilikuwa imeshavaa masweta yote na imeshapunguza hita na mama anatetemeka, wakati sehemu kubwa ya ile hela haikuwa gesi kabisa.

Nilipofika shemeji akanianza na swali ambalo nalisikia kila mwaka. "Shem, si serikali imeweka ukomo? Si walisema mwisho paundi 1,834 kwa mwaka? Sasa mbona sisi mwezi mmoja tu mia nne na kitu?" Ule ukomo wa Ofgem, wasimamizi wa soko la gesi na umeme, ambao ulianza Januari 2019, ni ukomo wa bei ya kila kilowati-saa na tozo ya kila siku, sio ukomo wa bili yako. Ile 1,834 ya Oktoba 2023, na 1,928 iliyofuata Januari 2024, ni mfano wa nyumba ya kawaida inayotumia gesi kilowati-saa 11,500 na umeme 2,700 kwa mwaka. Ukitumia zaidi unalipa zaidi, hakuna wa kukuzuia. Ila huo mfano una faida moja, unakupa kipimo. Bili yao ya Desemba ilisema wametumia kilowati-saa 6,033 kwa mwezi mmoja. Yaani zaidi ya nusu ya mwaka mzima wa nyumba ya kawaida, kwa siku 31, kwenye kijumba cha vyumba viwili! Hapo nikajua hatuongelei tena habari ya mama kupenda joto.

Kitu cha kwanza tulizima kila kinachotumia gesi, boila (ile mashine inayochemsha maji yanayopasha nyumba) na jiko, tukaenda kwenye mita tukaangalia kama tarakimu za mwisho zinasogea. Hazikusogea. Hii usiiruke, maana zikisogea wakati umezima kila kitu inawezekana gesi inavuja, na hapo hakuna cha kupiga hesabu tena, unafungua madirisha, unatoka nje na unapiga 0800 111 999 bure, saa 24.

Kisha nikamwambia alete bili yote, kurasa zote, sio ile ya mbele yenye namba kubwa. Wengi tunasoma ukurasa wa mbele tu. Kwenye kurasa za nyuma kuna kipande kidogo cha maandishi kinachoonyesha jinsi walivyobadilisha namba za mita kuwa kilowati-saa, na kisa chote kilikuwa hapo. Mita ya gesi haipimi kilowati-saa, inapima ujazo, gesi imepita kiasi gani kwenye bomba. Sisi tumezoea LUKU ya umeme nyumbani Tanzania, uniti moja ni kilowati-saa moja basi, kwa hiyo mtu akiona "units" 190 kwenye bili ya gesi anadhani ndo zilezile. Sio. Kwenye mita mpya zinazopima kwa mita za ujazo unachukua hizo uniti, unazidisha kwa 1.02264, unazidisha kwa kiasi cha joto ambacho gesi inatoa ikiungua (kwenye bili kinaitwa "calorific value") ambacho huwa kwenye 39 na kitu, unagawanya kwa 3.6. Kwa haraka haraka uniti moja inatoa kilowati-saa 11 na kidogo. Kwenye mita za zamani zinazopima kwa mamia ya futi za ujazo kuna hatua moja zaidi, unazidisha kwanza kwa 2.83.

Kwenye bili yao 2.83 ilikuwepo.

Tukashuka na tochi ya simu kwenye kabati chini ya ngazi. Mita ina tarakimu tano nyeusi, halafu nyekundu za baada ya nukta, na pembeni imeandikwa m3 waziwazi kabisa. Ni mita ya mita za ujazo. Za futi huwa zimeandikwa ft3 na mara nyingi zina tarakimu nne. Namba ya mita tukailinganisha na iliyoko kwenye bili, ikawa ileile, kwa hiyo hawakuwa wanalipia mita ya jirani (na hilo nalo hutokea, liangalieni). Ni kwamba kwenye kompyuta ya kampuni yao mita hii ilikuwa imeandikwa kama ya futi. Jirani alituambia mita ilibadilishwa kabla wao hawajahamia, na mimi nadhani aliyebadilisha aliandika namba mpya ila aina ya kipimo ikabaki ya ile ya zamani, lakini sababu kamili hatukuambiwa mpaka mwisho.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Desemba walitumia uniti 190. Hesabu sahihi ni kama kilowati-saa 2,130, kwa peni 7 ni paundi 149, ongeza tozo ya kila siku ambayo kwa mwezi ni kama paundi 9, jumla paundi 158. Wao wameandikiwa 431. Tangu wahamie mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Januari mita ilikuwa imesogea uniti 480, gesi ya paundi 377 hivi, na wameandikiwa 1,067. Tofauti kama paundi 690. Mshahara wa nesi aliyeanza juzi, na shemeji anafanya shifti za usiku za kupanga mizigo ghalani, 690 ni nauli ya mama kurudi nyumbani.

Nikamwangalia shemeji, akakaa pale kwenye ngazi kimya, halafu akanyanyuka akaenda kuwasha hita.

Kuirudisha hiyo hela ndo kulikula muda. Alipopiga simu huduma kwa wateja jibu lilikuwa kwamba namba za mita alizituma mwenyewe, ni halisi, sio za kukadiria, kwa hiyo hiyo gesi ametumia. Na ni kweli namba zilikuwa halisi, ndo maana kosa kama hili linajificha vizuri hivi. Kila mtu anashauri utume namba za mita kila mwezi uepuke makadirio, na wao walituma kila mwezi bila kukosa, na bili ikawa mbaya vilevile kwa sababu kilichokosewa ni kizidisho. Yule wa kwenye simu akamshauri apunguze hita na akapendekeza makato ya benki ya kila mwezi yapande kutoka 160 mpaka 340.

Tukaacha simu tukaandika. Barua pepe fupi, juu yake imeandikwa kwamba haya ni malalamiko rasmi, maana ukiandika hivyo saa inaanza kuhesabu: wiki 8 zikipita hawajamaliza, au wakikupa barua ya kusema hawana la zaidi, unapeleka kwa Energy Ombudsman, wasuluhishi wa malalamiko ya gesi na umeme, na hulipi kitu. Tukaambatanisha picha tatu za mita, moja ya karibu inayoonyesha m3 na tarakimu, moja ya namba ya mita, moja ya mbali inayoonyesha mita pale ilipo, na picha ya kile kipande cha bili chenye 2.83. Hatukuandika hadithi ya mama wala ya watoto. Tuliandika mita ni ya mita za ujazo, nyinyi mnaihesabu kama ya futi, naomba mrekebishe bili zote tangu siku tulipohamia na mnirudishie kilichozidi benki, sio kukiacha kwenye akaunti yenu. Hilo la mwisho muhimu, maana kampuni huwa zinapenda kusema itakaa kama salio utaitumia mbeleni. Hawakufika wiki 8. Walirekebisha bili zote na makato yakashuka, na ziada waliyokuwa wameshakatwa ikarudi benki.

Na kama kwako kosa limekwenda upande wa pili, mita ni ya futi na wao wanahesabu mita za ujazo, ujue umekuwa unalipa pungufu na siku wakigundua watataka chao. Kwa kanuni ya Ofgem hawaruhusiwi kukudai gesi uliyotumia zaidi ya miezi 12 nyuma kama kosa la bili ni lao. Usilipe deni la miaka mitatu kwa sababu barua imekuja na maandishi mekundu.

Ningeweza kuishia hapa ila paundi 158 kwa Desemba, kwa kijumba kile, bado ni nyingi, na mama alikuwa bado anasikia baridi. Hilo ndo lililonishangaza zaidi. Themostati, kile kifaa cha ukutani kinachoamua hita iwake mpaka digrii ngapi, imewekwa 24, sebule joto mpaka unavua koti, chumba cha mama baridi. Nikashika redieta ya chumbani kwake, lile bamba la ukutani linalopitisha maji ya moto ya boila: chini ya moto, juu baridi kabisa kama haijawashwa. Hewa imejaa ndani, maji ya moto hayapandi. Kumbe mama wa watu ndo alikuwa anapata joto dogo kuliko wote nyumba nzima, na yeye ndo anaonekana mlaji wa gesi. Usiku shemeji alikuwa amemwekea hita ndogo ya feni ya umeme, kilowati 2, na umeme kipindi kile ulikuwa bei karibu mara nne ya gesi, kila saa ilikuwa kama peni 55, usiku mmoja wa masaa manane ulipita paundi 4. Kwa hiyo na bili ya umeme nayo ilikuwa inapanda kimya kimya.

Kutoa hewa ni kazi ya dakika chache. Unazima hita unaacha redieta zipoe, unaweka kitambaa na kikopo chini ya kile kitobo cha juu pembeni, unazungusha kile kifunguo kidogo cha redieta robo mzunguko tu, hewa inatoka inapiga mluzi, yakianza kutoka maji unafunga. Halafu unaangalia geji ya presha ya maji ya boila, mshale ukae kati ya bar 1 na 1.5 ikiwa imepoa, kama umeshuka inabidi iongezwe maji, na kama umepanga na hujui usijaribu, mpigie mwenye nyumba. Jioni ile mama akaweka mkono juu ya redieta akauweka mwingine, akasema, "Hee, kumbe na hiki huwa kinapata moto." Hita ya feni ikarudi juu ya kabati. Baadaye dada alimnunulia blanketi la umeme, lile la kutandika kitandani, linakula wati 100 hivi, haifiki peni 3 kwa saa.

Themostati yenyewe ilikuwa koridoni, hatua mbili kutoka mlango wa mbele ambao chini una nafasi ya kuingiza kidole na tundu la barua halina brashi. Upepo unaipiga themostati moja kwa moja, yenyewe inadhani nyumba nzima ni baridi, boila haipumziki. Tukaweka brashi chini ya mlango na kwenye tundu la barua, vitu vya bei ndogo tu na mwenye nyumba alikubali, na themostati tukaishusha mpaka 20. Energy Saving Trust, shirika la ushauri wa kuokoa nishati, wanasema kushusha digrii moja kunaweza kupunguza mpaka asilimia 10 ya gharama ya joto, mi siahidi mtu hivyo, ila kutoka 24 mpaka 20 sio mchezo. Chini ya 18 nisingekubali, ni kiwango ambacho hata Shirika la Afya Duniani wanasema nyumba isishuke, na pale kuna mtoto mdogo na mtu mzima.

Boila sasa. Ilikuwa ya kombi, ile isiyo na tangi la maji ya moto. Mbele ina vitufe viwili, kimoja kina alama ya redieta na kingine cha bomba la maji. Cha redieta kilikuwa 80. Hicho hakihusu nyumba iwe na joto kiasi gani, kinahusu maji yanayokwenda kwenye redieta yawe ya moto kiasi gani, na wafungaji wengi wanakiacha juu huko tangu siku ya kwanza. England boila mpya tangu 2005 zinatakiwa ziwe za aina inayonasa joto la mvuke uliomo kwenye moshi wake, lakini ili zinase maji yanayorudi kutoka kwenye redieta lazima yawe chini ya digrii 55 hivi. Ukituma 80 yanarudi 60 na kitu, mvuke wote unatoka nje na joto lake, umelipia boila ya kisasa inafanya kazi kama ya zamani. Tukashusha mpaka 60. Redieta hazichomi mkono tena na nyumba inachukua muda zaidi kupata joto, watu wengine wakiona hivyo wanadhani imeharibika wanairudisha 80, msirudishe, iwasheni mapema kidogo. Ila kama nyumba yako ina tangi la maji ya moto usiguse hivi hivi, maji ya tangini yanatakiwa kufika 60 kwa ajili ya bakteria, muulize fundi aliyeko kwenye Gas Safe, rejista ya mafundi wa gesi.

Tukasogeza na sofa iliyokuwa imeegemea redieta ya sebule, na mapazia yakapandishwa yaishie juu ya redieta badala ya kuifunika.

Mama alikuwa amemuuliza mwanae kama huku mkaa unauzwa, apashie chumba kwa jiko kama wanavyofanya Lushoto. Ameuliza kwa nia njema na najua kuna watu wanafanya. Tafadhali msifanye. Mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa hivi unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, unalala huamki. Tukaangalia kama king'ora cha hiyo hewa kipo karibu na boila, maana tangu Oktoba 2022 mwenye nyumba England anatakiwa aweke, kikawepo ila betri imekufa. Betri tukabadilisha hapohapo.

Kuhusu misaada ya serikali, kuna punguzo la paundi 150 la msimu wa baridi ambalo kila mtu anawaambia waombe, na wao lisingewahusu kwa sababu linafuata benefiti na viza yao hairuhusu benefiti. Manesi wetu wengi wako hivyo. Kilichowahusu ni kujiandikisha kwenye rejista ya wateja wa kipaumbele kwa sababu wana mtoto chini ya miaka mitano, haina uhusiano na viza na ni bure, haipunguzi bili ila gesi au umeme ukikatika wanafikiriwa mapema.

Februari mita ilisogea uniti 118, bili ikawa paundi 107 hivi. Ukilinganisha na ile 431 inapendeza sana kusimulia lakini sio haki, cha kulinganisha ni 158, na hata hapo Februari 2024 ndo ilikuwa Februari yenye joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa England, kwa hiyo siwezi kuwaambia punguzo lote ni boila na brashi. Ninachojua ni kwamba hita ilikuwa inawaka mchana na mama yumo ndani, na chumba chake kina joto, na bado bili ilishuka.

Kilichobaki ni dari. Kule juu sufi ya kuzuia joto lisipotee ni nyembamba na imelala vibaya, haifiki hata nusu ya milimita 270 zinazoshauriwa, na kuta za nyumba za umri ule ni tofali tupu bila nafasi katikati. Hilo mpangaji hawezi kulitoa mfukoni. Cheti cha EPC cha nyumba, kinachoipa nyumba herufi kuanzia A mpaka G kwa jinsi inavyotumia nishati, unaweza kukisoma bure mtandaoni kwa kuweka postikodi tu, tukakisoma, ni E, yaani ndo mwisho unaoruhusiwa kupangisha. Dada amemwandikia mwenye nyumba kuhusu dari, kajibu atatuma mtu wa kuangalia. Mkataba unaisha Septemba, na wamekubaliana kwamba kama mpaka hapo dari haijaguswa watatafuta nyumba nyingine, na safari hii wataangalia EPC na mita kabla ya kuangalia rangi ya ukuta.